Jiwe Lisilolia

Mahubiri ya Jumapili, ibada ya pili. Mhubiri: Mchungaji Msaidizi.
Somo: 2 Wafalme 12:4-16. Soma pia Luka 19:1-10 na 19:37-40.



Leo sitahubiri kwa sauti kubwa. Wale mliozoea kuniona nikizunguka madhabahuni na kitambaa mkononi, mnisamehe. Nina neno ambalo limekuwa likinikaba kooni tangu mwezi wa kwanza. Mchungaji Kiongozi amenipa ruhusa nilitoe mbele yenu, kwa sababu Jumapili ijayo washirika mtaketi kuchagua kamati ya ujenzi wa ukumbi wetu mpya, na jina langu liko kwenye orodha, nafasi ya mweka hazina. Kabla hamjainua mkono, mnisikize.

Hekalu lenye nyufa

Yehoashi alikuwa mfalme tangu akiwa mtoto wa miaka saba. Alipokua aliona hekalu la Bwana lina nyufa, akaamuru fedha zinazoletwa nyumbani mwa Bwana zitumike kulitengeneza. Agizo lilikuwa rahisi: kila kuhani apokee kutoka kwa watu anaowajua, kisha wao wenyewe wazibe nyufa popote zitakapoonekana. Hakukuwa na kitabu wala kamati. Kulikuwa na watumishi wa Mungu na watu wanaowaamini.

Sasa nenda aya ya 6. Ni mwaka wa 23 wa mfalme huyo, na nyufa bado ziko pale pale.

Ndugu yangu, soma vizuri. Biblia haisemi makuhani waliiba. Haisemi walijenga majumba yao. Inasema tu kwamba fedha ziliingia na nyufa hazikuzibwa. Pengine kila mmoja alikuwa na sababu. Mmoja alikopa kidogo mtoto akiwa mgonjwa. Mwingine alisema atarudisha baada ya mavuno. Mimi nilisoma biashara chuoni, na katika yote niliyosoma, jambo moja limebaki kichwani: pesa isiyo na mlango wake hutokea mlango wowote.

Nimehubiri somo hili mara mbili nikiwa mtumishi, mara zote nikiwanyooshea kidole wanasiasa. Sikujua kwamba mimi ndiye kuhani wa aya ya 6.

Nyumba isiyokula stima

Dada yangu mkubwa anaishi Uingereza, anafanya kazi ya kutunza wazee. Mara nyingi ni zamu ya usiku: kugeuza wagonjwa, kubadilisha mashuka, kulisha mtu aliyesahau hata jina lake. Mama yetu alipofariki, yeye ndiye alinilipia karo. Hiyo digrii ya biashara mnayonitania nayo hapa ilitoka kwa mgongo wake.

Alikuwa amenunua ploti ya hamsini kwa mia upande wa Mang'u, si mbali na mto Chania. Mwaka jana akanipigia akasema, "Mũrũ wa maitũ, nijengee." Mwana wa mama yangu. Kwa sisi Wakikuyu hilo si neno la kuitana hivi hivi. Ukiitwa hivyo unajua umekabidhiwa kitu.

Hakutaka nyumba kubwa. Alitaka nyumba isiyokula stima. Huko aliko, aliniambia, majira ya baridi watu wanahesabu gesi na umeme kama sisi tunavyohesabu unga, na nyumba nyingi za zamani zinavuja joto usiku kucha. Akaapa kwamba akirudi kustaafu, hatalipia tena ujinga wa ukuta.

Mchoraji wa ramani akakaa nami akanieleza, na nikafurahia sana. Thika iko karibu na Ikweta, kama digrii moja tu kusini. Jua linapita karibu juu ya utosi. Kutoka Aprili hadi Septemba linaegemea kaskazini, na kutoka Oktoba hadi Februari linaegemea kusini, lakini haliendi mbali. Kwa hivyo ubavu mrefu wa nyumba utazame kaskazini na kusini, paa litokeze kidogo mbele ya madirisha, na jua la mchana litabaki nje. Shida ni magharibi, kwa maana jua la saa kumi linakuja limelala na kupiga ukuta mzima. Huko tukaweka stoo na bafu, na madirisha madogo.

Kuta ziwe za jiwe la inchi tisa kwa tisa, ili zinywe joto polepole mchana na kuliachilia usiku. Baridi ya Julai ya hapa kwetu mnaijua. Madirisha yatazamane ili hewa ipite. Chini ya mabati kuwe na dari na nafasi ya hewa. Juu ya paa sola ya taa na ya maji moto, na mifereji ya kupeleka mvua kwenye tangi. Si maarifa mageni kabisa: ndugu zetu wa Pwani walijua siri ya ukuta mnene zamani sana, ndiyo maana ukiingia nyumba ya kale ya mawe ya matumbawe kule Lamu saa saba mchana, ndani kumetulia huku nje kunachemka.

Lakini yule mchoraji alisema jambo moja ambalo niliandika kwenye daftari na kulisahau. Alisema, ukuta huu utafanya kazi ukiwa mkavu. Ukuta uliolowa hupitisha joto na baridi haraka, kama sweta iliyolowa isivyoweza kukupa joto. Nyumba ya namna hii, akasema, haisaidiwi na sola kama jiwe lenyewe halifai.

Mawe yanafanana

Sisi watu wa Thika, Juja na Ruiru tunaishi juu ya mawe. Machimbo ya Ndarugo yamejenga nyumba nyingi sana za Nairobi na za hapa kwetu. Jiwe hilo asili yake ni jivu la volkano. Lilitua, likabanwa, likashikana, likawa mwamba. Lakini si lote sawa. Katika machimbo, tabaka la juu lililopigwa na mvua na kuingiwa na mizizi miaka mingi huwa laini. La chini, lililobeba uzito wa yote yaliyo juu yake, ndilo gumu. Mashine inakata yote mawili kwa kipimo kimoja. Yakipangwa kwenye lori yanafanana kama mapacha.

Hebu mwambie jirani yako: mawe yanafanana! (Amina.) Hata watumishi wanafanana, wakivaa suti.

Fundi wetu wa mawe ni mzee Mkorino. Huvaa kilemba chake cheupe hata akiwa saiti, na sijui jinsi anavyofanya kisichafuke. Yeye hagusi mwiko kabla hajagonga jiwe. Anachukua nyundo, anagonga, anasikiliza. Jiwe zuri linalia, lina mlio kama wa chuma. Jiwe baya linajibu kwa sauti iliyokufa, kama ukigonga gunia la mchanga. Akiwa na shaka analitumbukiza kwenye pipa la maji usiku kucha. Asubuhi, kama kona inamomonyoka kwa kidole, analiweka kando.

Sasa nisikilizeni. Bajeti ya dada ilikuwa na bei ya jiwe la daraja la kwanza, futi 3,000. Mwezi wa tisa dalali mmoja akanipigia: ana mawe yaliyo chini kwa shilingi 14 kila futi. Nikapiga hesabu kwa kichwa. Shilingi 42,000.

Wiki hiyo hiyo sacco ilikuwa imenitumia ujumbe wa tatu kuhusu mkopo wangu. Mkopo wenyewe ulikuwa wa gari. Mnalikumbuka gari lile. Nililichukua kwa sababu niliona aibu mchungaji mwenye digrii kushuka matatu mbele ya washirika wake. Wadhamini wangu wawili wameketi humu ndani, na ujumbe uliofuata ungeenda kwao.

Lori likaja. Dalali akatoa kitabu cha risiti, akaniuliza, "Pastor, niandike ngapi?"

Nikamwambia niliyotaka aandike.

Akaandika bei ile ya juu. Nikaipiga picha, nikamtumia dada kwa WhatsApp, naye akajibu na mikono miwili ya maombi. Ile 42,000 ikaenda kwa deni langu. Sikuiba, nilijiambia. Nimekopa, na mwezi wa pili nitarudisha.

Jina la Mungu kama plasta

Kesho yake mzee alinipigia akiwa saiti. Akasema, "Pastor, haya mawe hayalii."

Nikaenda. Akanigongea matano, sita. Nilisikia. Sikuhitaji digrii kusikia. Nikamwambia, "Jenga tu, mzee, tutapiga plasta." Akaniangalia. Nikaongeza neno ambalo mpaka leo linanichoma: "Mungu ataichunga nyumba hii."

Wapendwa, Zaburi ya 127 inatufundisha kwamba Bwana asipojenga, wajengao wanajichosha bure. Mimi niliigeuza kinyume. Nilitaka Bwana abebe ukuta ambao nilijua hauwezi kujibeba. Nilitumia jina la Mungu kama plasta. Ni mara ngapi tunafanya hivyo? Biashara haina leseni, tunaipaka mafuta. Kijana hajasoma, tunaombea kalamu. Hesabu za chama hazilingani, mtu anasimama na kusema tusonge mbele kwa imani. Imani haikupewa sisi ili kufunika jiwe bovu.

Mzee alijenga. Alikuwa na vijana wanane wa kulipa, na mimi ndiye nilikuwa na pesa. Ukuta ukafika kiwango cha madirisha. Mvua ya vuli ikaja, nyumba haijapata paa. Mwezi wa kumi na moja nikaenda na kukuta nyuso za mawe upande wa magharibi zimeanza kumenyuka kama viazi vilivyopikwa kupita kiasi. Nikapitisha kidole, kikatoka na unga. Upande wa ndani ukuta ulikuwa umelowa mpaka juu ya goti. Nyumba iliyochorwa ili isihitaji moto wala feni ilikuwa imekuwa sponji.

Nikanyamaza. Nilinyamaza mwezi wa kumi na moja wote na wa kumi na mbili. Katika miezi hiyo nilihubiri hapa mara nne. Nyingine mlisema zimewabariki. Namshukuru Mungu kwamba Neno lake halitegemei usafi wa bomba, lakini ole wake bomba.

Sitajifanya kwamba Roho Mtakatifu alinisemesha kwenye mkesha nikakiri. Ni fundi. Kabla ya Krismasi alinivuta kando ya rundo la mchanga, akasema polepole, "Pastor, mimi nimejenga tangu nikiwa kijana. Watu wanapita hapa barabarani wanaona ukuta wangu unabanduka. Hawajui mawe yalinunuliwa na nani. Wanaona mikono yangu. Dada yako akiniuliza, sitamdanganya."

Katika Luka 19, Yesu anawaambia Mafarisayo kwamba wanafunzi wakinyamaza, mawe yatapaza sauti. Nilifikiri hiyo ni aya ya kusifu na kuabudu. Lakini mawe yangu yalikataa kulia kwa nyundo, kisha yakalia kwa mvua.

Simu ya Januari

Nilimpigia Jumamosi ya pili ya Januari. Alikuwa ametoka zamu ya usiku. Nilimwambia yote, pamoja na risiti. Alinyamaza mpaka nikafikiri mtandao umekatika.

Kisha akasema, "Pesa si kitu, zitapatikana. Lakini wenzangu hapa wote wamelizwa na watu wao nyumbani. Kila mmoja ana hadithi. Mimi nilikuwa nawaambia, mimi sina wasiwasi, ndugu yangu ni mchungaji."

Akakata. Hakuniita mũrũ wa maitũ. Mpaka leo hajaniita tena.

Nataka hilo likae hapo. Tunapenda ushuhuda unaoishia "na sasa mambo ni shwari, Haleluya." Huu haujafika huko. Nilitubu kwa Mungu, na ninaamini damu ya Yesu imenisafisha. Lakini msamaha wa Mungu haukujenga ule ukuta upya, wala haukurudisha usingizi wa dada yangu.

Tulibomoa. Tulipojumlisha mawe mapya, simiti, mchanga na siku za mafundi za kubomoa na kuinua tena, ile 42,000 ilikuwa imezaa deni la 230,000. Niliuza gari. Baada ya kumaliza sacco zilibaki 130,000, zikaenda moja kwa moja kwenye mjengo. Zile 100,000 zilizobaki nalipa shilingi 10,000 kila mwezi kutoka Februari. Nimelipa mara tano. Kwa hivyo ndugu mmoja aliyeniuliza kama nimefunga safari ya kujinyenyekeza kwa kupanda matatu, jibu ndilo hilo. Mzee fundi nilimwomba msamaha mbele ya vijana wake, kwa maana aibu aliipata mbele yao. Mawe laini tumeyavunja kujaza chini ya veranda, mahali ambapo hayatabeba mtu.

Zakayo, katika hiyo hiyo Luka 19, hakusema "Bwana nimeokoka, tuendelee." Alisimama akataja hesabu: nusu kwa maskini, na aliyemdhulumu, mara nne. Yesu akasema wokovu umeingia nyumba ile. Toba ya Zakayo ilikuwa na tarakimu.

Mambo manne ya Yehoyada

Turudi kwa hekalu. Makuhani waliposhindwa, Mungu hakuacha nyumba yake na nyufa. Alimpa kuhani Yehoyada hekima, na ninawaomba mwiandike.

La kwanza, sanduku lenye tundu. Aya ya 9: alichukua sanduku, akatoboa tundu kwenye kifuniko, akaliweka kando ya madhabahu. Tundu linaruhusu fedha kuingia. Haliruhusu mkono kuingia. Angalia pia liliwekwa wapi: pale watu wanapita, si chumbani kwa kuhani. Mimi fedha za dada zilikuwa zinaingia kwenye M-Pesa yangu, simu ile ile ya kununulia maziwa. Mkono wangu ulikuwa ndani ya sanduku kabla hata sijajaribiwa.

La pili, wahesabu wawili. Aya ya 10: mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walihesabu pamoja. Mmoja wa ikulu, mmoja wa hekalu. Hawakuwa wa ofisi moja. Kuhesabiwa hakumaanishi unashukiwa. Fundi anapoweka pima maji juu ya kozi, jiwe halikasiriki.

La tatu, kila pesa ina jina lake. Aya ya 13 inasema fedha za kutengeneza nyumba hazikutumika kutengeneza vikombe vya fedha wala tarumbeta. Vyombo vizuri, vya ibada! Lakini siyo kazi yake. Na aya ya 16 inasema fedha za sadaka ya hatia na ya dhambi zilikuwa za makuhani. Kwa hivyo Mungu hakuwanyima watumishi wake chakula, alitenganisha akaunti. Mtumishi alipwe, na alipwe wazi, ili asijilipe gizani.

La nne, na hili ndilo gumu: makuhani walikubali. Aya ya 8. Mfalme aliwaambia wasipokee tena fedha za kazi hiyo, wakakubali. Hawakuanzisha kanisa lingine ng'ambo ya mto. Hawakusema mfalme anapiga vita upako. Walibaki kuwa makuhani, wakawaacha wengine washike fedha.

Baada ya hapo tu ndipo tunafika aya ya 15, ambayo wengi wetu tunaipenda: kwamba wale waliokabidhiwa fedha za kuwalipa maseremala, waashi na wakata mawe hawakudaiwa hesabu, kwa kuwa walitenda kwa uaminifu. Nimesikia aya hiyo ikitumika kwenye mikutano ya kanisa mtu akiuliza risiti. "Ndugu, sisi tunaaminiana." Mpendwa, aya ya 15 haiji kabla ya aya ya 9. Uaminifu ule ulikaa juu ya sanduku lenye tundu na macho mawili ya kuhesabu, kama kozi ya juu inavyokaa juu ya msingi. Na waliosifiwa pale kwa uaminifu hawakuwa makuhani. Walikuwa watu wa mjengo.

Watu si mawe

Mtu atasema, "Pastor, kanisa si kampuni, na hii ni 42,000 tu." Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa ikinyesha, jengo la ghorofa lilianguka kule Huruma, Nairobi, na watu wapatao 50 wakafa. Wengi wao walikuwa wapangaji waliolala. Jengo haliangushwi na mvua peke yake. Mahali fulani, siku fulani, mtu aliona jambo na kusema tuendelee tu. Ukumbi wetu utabeba watoto wa Shule ya Jumapili ghorofa ya juu. Sitaki mtu yeyote aliyewahi kuambiwa "niandike ngapi" akajibu, awe peke yake na kitabu cha risiti cha ukumbi huo. Mtu huyo ni mimi.

Kwa hivyo naomba jina langu liondolewe kwenye orodha ya mweka hazina. Mchungaji Kiongozi amekubali. Pia nimemwomba, na nawaomba ninyi, mambo matatu. Akaunti ya ujenzi iwe na sahihi tatu, na hakuna hata moja ya mchungaji. Kila risiti ibandikwe kwenye ubao pale mlangoni, ambapo hata mgeni ataisoma. Na kila lori la mawe likifika, fundi agonge mbele ya mshirika mmoja kabla halijashusha. Mkiniweka kwenye kamati ya kubeba maji ya kumwagilia slabu, nitakuja asubuhi.

Na sasa nazungumza na wewe. Wako wengi katika kaunti hii wanaoshika pesa za watu walio ng'ambo. Dada yuko Saudia au Qatar, kaka yuko Marekani, mama yuko Uingereza. Pesa zinazotumwa na Wakenya walio nje ni kati ya vyanzo vikubwa vya fedha za kigeni za nchi hii, na nyingi zinapitia simu kama yako. Pengine picha unazotuma ni za ploti ya jirani. Pengine slabu uliyosema imemwagwa haijamwagwa. Sikuhukumu, mimi nilipiga picha risiti ya uongo. Nakuambia tu kwamba mvua inakuja, na deni la jiwe bovu halikai vile lilivyokuwa. Langu lilikua kutoka 42,000 hadi 230,000 kwa miezi minne.

Piga simu leo. Usingoje fundi akulazimishe.

Na wewe uliyelizwa, uliyekuta nyasi mahali ulipolipia nyumba, Mungu wetu hana haraka ya kukuambia usahau. Kupitia kwa mfalme aliwauliza makuhani kuhusu nyufa. Atauliza za kwako pia.

Nyumba imefika wapi? Wiki iliyopita tulimwaga ringi bimu. Dada sasa anatuma pesa moja kwa moja kwa wenye machimbo na kwa duka la simiti, na mimi natuma picha na vipimo tu. Ni sanduku lenye tundu, na mkono wangu uko nje. Mwanzoni iliniuma, siku hizi nalala. Mzee aligonga kila jiwe, na nilisimama pale nikasikiliza yote. Jioni nikagusa ukuta wa magharibi, saa kumi na moja, jua limelala juu yake. Nje ulikuwa moto. Nikaingia ndani, nikaweka kiganja upande wa pili. Ulikuwa baridi, na mkavu.

Dada anakuja Desemba. Sijui kama ataniita kama zamani. Lakini ataingia kwenye nyumba ambayo mawe yake yanalia.

Tuombe

Bwana Yesu, wewe ndiwe jiwe ambalo waashi walilikataa, nawe umewekwa pembeni kushika nyumba yote. Tugonge, Bwana. Ukisikia sauti iliyokufa ndani yetu, usitupake plasta. Tutoe ukutani hata kama ni aibu, utujenge upya. Wape wanaoshika mali ya wengine ujasiri wa kusema kabla ya mvua. Wafariji walioibiwa na watu wao. Na nyumba tunayokwenda kukujengea, isiwe na jiwe hata moja lililonunuliwa kwa uongo. Katika jina la Yesu, amina.

Maswali ya vikundi vya nyumbani wiki hii

1. Soma 2 Wafalme 12:4-8. Kwa nini nyufa zilibaki mpaka mwaka wa 23 ingawa Biblia haitaji wizi?
2. Ni pesa au mali gani ya mtu mwingine iko mkononi mwako sasa? Nani mwingine anaihesabu pamoja nawe?
3. Zakayo alitaja hesabu. Kama una mtu wa kumrudishia, utaanza na kiasi gani, na lini?
4. Umewahi kumpuuza mtu aliyekuambia ukweli kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa na pesa? Unaweza kumrudia ukamwomba msamaha?